Usirudi na Mikono Safi

Nkuhungu, Dodoma
Usiku wa kuamkia safari yako

Mwanangu Nyemo,

Barua zetu huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naijua. Uko chumba cha pili, mlango umeuacha wazi kidogo, na hujalala. Nasikia kitanda kila unapogeuka. Ningeweza kuinuka hapa mezani nikaja kukaa miguuni pako tukazungumza kama mama wengine na binti zao. Jana nimeshindwa, juzi nimeshindwa, na kesho hupo. Kwa hiyo nakuandikia. Barua nitaiweka mfuko wa pembeni wa begi lako, uikute ukiwa umeshafika mahali ambapo huwezi kunijibu. Ndivyo tulivyo sisi wenye haya, tunangoja mtu aondoke ndipo tumwambie.

Habari za kula na kuvaa sitaziandika. Sweta unalo. Tulilichagua mitumbani, lilikuja kwa meli kutoka hukohuko Ulaya, na sasa linarudi kwao kwa ndege likiwa mwilini mwako. Angalau limepata nauli. Sala unazijua. Baba yako atakuambia mengine njiani, kwa kuwa yeye huongea akiwa anatembea.

Unadhani nimenyamaza wiki hii kwa sababu sitaki uende. Baba yako naye anadhani hivyo. Jana aliniambia, "Mama Nyemo, mwache mtoto aondoke kwa amani."

"Nimemzuia wapi?"

"Hujamzuia. Umemnunia."

Kweli nimenuna, ila si wewe niliyekununia, wala si safari. Naogopa jambo moja tu, na nalisema mapema ili usilitafute kati ya mistari: naogopa utakaa Uholanzi miezi yote hiyo, kwenye mashamba yenye ng'ombe wengi kuliko watu, halafu utarudi na mikono safi.

Nakumbuka ulivyoingia dukani kwangu na habari hiyo. Ulisema, "Mama, nimechoka na ng'ombe wa ubaoni." Nilicheka, lakini ilinichoma. Chuo chenu cha mifugo ni kikubwa, jina lake zuri, na mbuzi mmoja anazungukwa na darasa zima, walio nyuma wanasomea migongo ya walio mbele. Glovu mnafua na kuanika kama soksi. Mwaka wa tatu umefika na mkono wako haujawahi kuingia ndani ya mnyama aliye hai. Ukaandika maombi, ukaandika tena, hadi wakulima wa huko wakakukubali uende kujitolea.

Neno hilo lina uchungu mdomoni mwangu, unisamehe. Nilipokuwa msichana, kujitolea kulikuja kwa filimbi. Mjumbe alipuliza asubuhi, kila kaya ikatoa mtu na jembe, na asiyejitolea alitozwa faini. Josho la kuogeshea ng'ombe kijijini kwetu lilichimbwa hivyo, kwa mikono iliyojitolea kwa lazima. Sasa tuko wakati wa ruksa na neno limevaa suti. Wao wakija kwetu kugusa ng'ombe wetu wanaitwa wataalamu, wanapewa gari na nyumba yenye wavu madirishani. Wewe ukienda kwao kugusa ng'ombe wao unaitwa wa kujitolea, unalala chumba cha juu ya ghala, na unatakiwa ushukuru. Sawa, shukuru. Lakini kama ni kujitolea, basi wakupe ng'ombe umguse. Wasikupe ufagio.

Nitakuambia kwa nini nasema hivi. Hadithi ya ng'ombe wa babu yako umeisikia kwenye sherehe, baba yako mdogo Yona akiisimulia watu wacheke. Yeye huisimulia vizuri. Mimi sijawahi.

Nikiwa na umri kama wako nilikuwa msichana asiyeweza kuomba chumvi dukani kama kuna watu mbele yake. Nyumbani tulisema Kigogo, shule ya msingi nikafundishwa kwa Kiswahili, sekondari kwa Kiingereza. Mwalimu akiuliza swali, nilikuwa na jibu kwa lugha mbili, na nikanyamaza kwa zote mbili. Walinipenda kwa hilo. Msichana mtulivu, hana shida na mtu. Nikapelekwa kusomea mifugo, nikapasi, nikaajiriwa, na kwa kuwa kazi ilikuwa na jina moja tu, wanakijiji wakaniita bwana mifugo hivyohivyo na gauni langu. "Shikamoo bwana mifugo," watoto walinipigia kelele njiani, nami nikapita nikitazama chini.

Ndipo nikaolewa na baba yako, na nikawa mkamwana wa babu yako. Wewe umekulia mjini, mambo haya kwako ni masimulizi. Kwetu mkamwana na baba mkwe hawapeani mkono. Hawali pamoja. Akipita njiani mimi nakaa pembeni, na akiwa na neno kwangu analipitisha kwa mtu mwingine hata kama nimesimama pale namsikia. Sikuona tabu. Kwa mtu mwenye haya kama mimi, mila hiyo ilikuwa kama blanketi.

Wewe ulikuwa tumboni, mdogo bado, siku ng'ombe wa babu yako aliposhindwa kuzaa. Baba yako alikuwa kazini Mpwapwa. Zizini walikuwepo babu yako na Yona, na bibi yako kwenye mlango wa miiba. Babu yako ndiye aliyeshika kamba kichwani mwa ng'ombe. Nilitazama kutoka nje ya zizi nikajua palepale. Miguu miwili ya mbele imetoka, kwato zinatazama chini, pua haipo. Kichwa cha ndama kimegeukia ubavuni. Hapo huvuti. Unatia mkono, unamsukuma ndama arudi ndani kidogo, unafuata shingo hadi kwenye taya, unakigeuza kichwa taratibu, ndipo unavuta. Nilikuwa nimeifanya chuoni, kwa mkono huu ninaoandikia.

Babu yako alimwambia bibi yako, "Muulize mwenzio anaonaje."

Bibi yako akanigeukia, ingawa nilishasikia. "Mzee anauliza unaonaje."

Ili nitie mkono ningevua hadi begani. Ningepiga magoti, pengine nilale ubavu kwenye mavi, hatua chache kutoka mahali aliposimama baba mkwe wangu. Nilimtazama bibi yako. Akatikisa kichwa polepole, kama kusema mzee yupo. Basi nikasema, "Mwambieni Yona atie mkono, nitamwelekeza."

Yona alitia. Akasema, "Shemeji, nimeshika kitu."

"Kitu gani?"

"Sijui. Kigumu."

"Ni goti au taya?"

"Nitajuaje, shemeji? Huku ndani hakuna taa."

Bibi yako alicheka kidogo, Mungu amrehemu. Mimi nikaanza kueleza. Na hapo, Nyemo, ndipo nilipogundua kwamba yote niliyokuwa nayo kichwani yalikuwa kwa Kiingereza. Nilijua jina la kila namna ambavyo ndama anaweza kulala tumboni, na sikuwa na hata moja la kumpa Yona. Nikamwambia "sukuma", akadhani namaanisha amsukume ng'ombe. Nikamwambia "geuza", akauliza nigeuze nani. Mkono wangu usingehitaji lugha yoyote. Ulikuwa umening'inia hapa ubavuni, unajua la kufanya.

Mwishowe alichoka, akafunga kamba miguuni akavuta. Akavuta kwa nguvu za kijana anayetazamwa. Ng'ombe alichanika ndani. Ndama alitoka amekufa, na mama yake hakuiona jioni.

Yona akisimulia huishia hapo kwenye taa, watu wakacheka. Mimi nakupa kilichofuata. Hakuna aliyenilaumu. Bibi yako alinishika mkono, huu mkono mkavu, akaniambia, "Mwanangu, leo umetuheshimu." Habari ikazunguka kijijini kwamba mwana wao mwalimu ameoa mke mwenye elimu na adabu, amekubali ng'ombe afe kuliko kumvunjia mkwe heshima. Baba yako alirudi akaniambia, "Mke wangu, umenitoa kimasomaso." Ningeadhibiwa siku ile, pengine ningepona. Nilisifiwa.

Na sifa ina njaa, inataka kulishwa. Kila zizi nililoitwa baada ya hapo walinijua kwamba mimi ndiye yule mwenye adabu, nami nikawa najua mahali pa kusimama, nje ya miiba. Mwelekezeni huyu, mwambieni yule. Nilikuwa na buti za serikali na hazikuchakaa. Sikuwa mvivu, nilitembea jua kali hadi Bahi na kurudi, nilifika kila nilipoitwa. Nikifika, nilikuwa mdomo.

Kisha ikaja hii dunia mnayosema ni huria. Dawa ya josho ilikoma kuletwa. Tuliambiwa wafugaji wachangie, wakachangia mara moja, halafu likaachwa. Leo mbuzi wanatumbukia humo na hakuna maji hata ya kuwazamisha. Kupe wamerudi, ndigana wanayoileta inamaliza ndama kila masika. Sisi watumishi tukaanza kupunguzwa. Maafisa wawili walituita mmojammoja ofisini. Mmoja aliniuliza, kwa upole kabisa, "Mama, kwa siku ya kawaida, unafanya nini hasa?"

Nilifikiri. Nikasema, "Natoa ushauri."

Aliandika kitu, akanishukuru kwa kuja. Jina langu likawa kwenye orodha ya kuondoka. Mwenzangu aliyekuwa akihasi madume kwa mikono yake akabaki. Miaka yote umenisikia nikilaani wale maafisa, na nitaendelea kuwalaani, waliacha nchi nzima ya ng'ombe bila mtu. Lakini swali lao lilikuwa la haki.

Ndipo likaja duka. Mfugaji anakuja na fimbo yake, anasimama mbele ya kaunta, ananisimulia ng'ombe nisiyemwona: anakohoa, hataki kula, masikio yamelala. Nampa chupa. Anauliza kipimo, namwambia, anakwenda kuchoma sindano anavyoona mwenyewe. Wengine hurudi kushukuru, wengine hawarudi. Sijui nimeua wangapi kwa mdomo huu. Duka hilo ndilo lililokusomesha, silifichi wala silijutii.

Sasa nifike kwako, maana hapo ndipo barua hii ilipoanzia.

Likizo iliyopita yule mzee mteja wangu wa Bahi alisema ana ng'ombe atakayezaa kwa shida, nikulete ujifunze. Tulipanda lori tukaenda. Nilikuwa na furaha ambayo sikukuonyesha. Nilisema moyoni, leo binti yangu atalowa hadi begani. Tukakuta yule kijana wa sindano, yule anayezunguka na baiskeli na mkoba wa dawa, ameshavua shati. Hakusoma popote, na kusema kweli siku ile hakufanya jambo lolote la maana ambalo wewe usingeweza kulifanya. Alikutazama gauni lako safi akasema, "Dada, shika ndoo, utachafuka."

Ukashika ndoo.

Ulishika kwa mikono miwili, kwa adabu, ukasogea alipotaka usogee. Ng'ombe alizaa salama, na yule mzee akaniambia, "Binti yako ana heshima sana, mama." Maneno yaleyale, Nyemo. Nilihisi kama mtu amenifungulia mlango wa zizi la zamani akanisukuma ndani.

Tukiwa juu ya lori nilikuambia, "Ungemwambia akupishe."

Ulinijibu bila kunitazama. "Na wewe mama, mbona hukumwambia? Ulikuwa hapohapo. Wewe mwenyewe ni bwana mifugo wa mdomo."

Baadaye ulijuta, ukaniletea chai bila kuombwa. Usijute. Hilo ndilo neno la kweli nililopata kuambiwa na mtu wa nyumbani. Nilikuwa hapohapo. Nilikuwa na miaka hamsini kasoro, nina duka langu, yule kijana ni mteja wangu wa mkopo, na nilinyamaza. Nyumbani una ulimi mkali kuliko wembe, watu wanadhani wewe ni jasiri. Mimi nimekuona mbele ya wageni. Unageuka mimi.

Basi wiki iliyopita tukaenda kumuaga babu yako. Ulikaa naye mlangoni pa tembe, mimi nikabaki nyuma ya nyumba kama inavyotakiwa. Amezeeka, macho yamekwenda, lakini alijua kwamba nipo. Ulipomweleza unakwenda kufanya nini, nikamsikia akikuambia kitu kwa Kigogo. Ukaja nyuma ya nyumba ukicheka.

"Babu anasema nikuambie, siku ile ya ng'ombe angegeuka. Anasema ungesema tu ageuke, angegeuka akatazama ukutani. Ng'ombe gani, mama? Yule wa hadithi ya baba Yona?"

Nikasema ndiyo, yule. Ukarudi kwake. Mimi nikabaki nimeshika ukuta wa udongo, na tangu hapo sijaweza kuzungumza nawe vizuri. Sasa unajua.

Angegeuka. Ndivyo tu. Maisha yangu yote nimeamini kwamba mila ndiyo iliyonizuia, na niliilaani kimoyomoyo huku nikisifiwa kwa kuitii. Kumbe mila ilikuwa na mlango, na mlango ulifunguliwa kwa neno moja ambalo bibi yako angelipeleka, "Mwambie mzee ageuke." Sikulisema kwa sababu ningesikika. Na usidhani nimemsamehe mzee kwa kuniletea habari hii akiwa na mguu mmoja kaburini. Naye alikuwa na shingo. Alimwona ng'ombe wake anakufa, alijua mimi ninaweza, na angeweza kugeuka bila kuambiwa. Alingoja nimwombe, nami nilingoja anihurumie. Tulikuwa watu wawili wenye adabu kamili, na ng'ombe akafia katikati yetu.

Huko unakokwenda hakuna mkwe. Ndiyo maana naogopa zaidi, kwa kuwa hutakuwa na mila ya kusingizia. Watakuwa watu wapole. Watakuambia shika ndoo kwa sauti nzuri kuliko ya yule kijana wa Bahi, wataongeza na tafadhali. Vijana wao watatia mikono kwa kuwa wamezaliwa humo zizini, na wewe utafagia vizuri, utafika mapema kuliko wote, na siku ya kuondoka watakupa barua ya sifa: mtulivu, mwaminifu, hana matatizo. Ukija nayo hapa usinionyeshe. Mimi nimeishi ndani ya barua hiyo.

Mwenye shamba akivua koti na ng'ombe amelala chini, usingoje akutazame. Hajui kwamba unangoja. Hakuna anayejua kwamba mtu mwenye haya anangoja. Wanaona tu kwamba amesimama. Mwambie akupishe. Kiingereza kikikupotea sema kwa Kiswahili, sema kwa mkono, vua mkono wa sweta usogee. Utakosea. Pengine utaua mnyama wa watu, na itakuuma, lakini utakuwa umemuua ukiwa naye. Mimi wangu walikufa nikiwa nje ya miiba.

Kuhusu kurudi, ulimwambia baba yako kwamba ukipata nafasi pengine utabaki. Aliniletea habari hiyo kama mtu anayeleta chombo kilichovunjika. Sikulia. Hapa hatuna josho, hatuna ajira ya kukupa, tuna kupe tu na mimi. Ukitaka kubaki, baki. Ila usibaki kwa sababu umeshindwa kuwaambia kwamba unataka kwenda nyumbani. Watu kama sisi hukaa mahali maisha yote kwa kushindwa kuaga, halafu tunasema tulipapenda.

Na wakiniletea habari kwamba binti yangu ana kiherehere, anaingilia, anauliza hata asipoulizwa, nitajua umefika.

Umeacha kugeuka kitandani, naona usingizi umekuchukua. Alfajiri nitakuja kukuamsha. Nitakuambia chai iko mezani na uangalie zipu ya begi isifunguke. Baba yako atatuangalia akingoja niseme la maana, na wewe utangoja, na mimi nitasema tena habari ya zipu.

Mama yako